Baiskeli Isiyotakiwa Kunuka Samaki

Asembo Bay,
Jumapili mchana

Dada yangu Mghoi,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu wewe ndiye uliyeniuliza swali na wewe ndiye nitakayekujibu. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, bado anakataa kuvaa ile miwani? Huku tuko wazima wa mwili. Mwanao Akinyi ameng'oka meno ya mbele, siku hizi anacheka huku ameziba mdomo kama bibi harusi. Mvua imenyesha mpaka njia ya kwenda ziwani ni tope tupu, lakini mimi na tope la huku tunajuana, hatusumbuani tena.

Nimeandika badala ya kupiga simu, na barua nimempa mke wa mchungaji anayekwenda Voi, atamwachia shangazi naye akufikishie huko Taveta. Simu yetu ni ya nyumba nzima. Ukianza kuongea wote wananyamaza kukusikiliza, na asiyejua Kiswahili anatafsiriwa. Haya ninayotaka kukwambia sitaki yatafsiriwe.

Uliniuliza hivi: shemeji Mwakio amenunua baiskeli ya kubebea ndizi, na fundi anamshawishi aipake rangi ya kuzuia kutu, vanishi juu yake, halafu fremu nzima aivishe plastiki. Je, kuna faida, au ni kutupa pesa? Ukasema umeniuliza mimi kwa sababu uliiona picha ya baiskeli yetu, inang'aa mpaka mtu anaweza kuchania nywele mbele yake. Ni kweli iling'aa. Umemuuliza mtu anayejua, dada, ila jibu lenyewe ni refu na halina sukari.

Baiskeli ile niliinunua mimi. Nataka ulijue hilo kwanza, maana kwenye picha aliyeishika ni mume wangu Okoth, amevaa suti, na mimi niko nyuma kama mtu aliyekuwa anapita njia. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, wenzangu walikuwa wamenunua masufuria na magodoro. Mimi nilikwenda na Okoth mpaka Kisumu, tukachagua baiskeli ya mtumba, chuma kizito, keria pana nyuma. Nilijua ninachokitaka. Kutoka nyumbani kwetu mpaka ufuoni ni mwendo, na mashua zinafika kunapopambazuka. Anayefika mapema anachagua samaki, analipa, anaondoka. Anayefika kwa miguu, karai kichwani, anaambiwa samaki wameisha.

Na wakikwambia wameisha, hawajaisha. Wapo wengine wamefunikwa turubai ndani ya mashua. Mvuvi anakuangalia kuanzia miguuni, anakwambia hao wapo, lakini wana masharti yao. Mvuvi wa namna hiyo huku anaitwa jaboya, na wanalitamka jina hilo mchana kweupe, kama unavyosema fundi au dereva. Ukikubali kulala naye, samaki wako wanakungoja hata ukifika jua limeshawaka. Ukikataa, unarudi na karai tupu, na huna wa kumsimulia kwa sababu kila mtu anajua tayari. Aliyeniandama mimi anaitwa Oduor. Kila nikichelewa ananiita, "Nyar Taita, kuja, samaki yako nimeficha." Nyar Taita, binti wa Taita, ndilo jina langu huku. Wakesho sijaitwa siku nyingi.

Kwa hiyo baiskeli ile haikuwa ya fahari. Nilitaka nifike ufuoni kabla Oduor hajapata la kuniambia, basi.

Sasa, siku ile ile ya kuinunua, Okoth akasema hatuwezi kuipeleka nyumbani ilivyo. "Watu wataona kutu yote hii watasema nini?" Tukaipeleka kwa fundi wa rangi, nyuma ya soko. Fundi akaigonga kwa kucha, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Akasema hewa ya ziwa inakula chuma, na maji yanayochuruzika kwenye kreti la samaki ndiyo yanakula zaidi. Hilo si uongo. Akaisugua, akaipaka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha nyekundu, kisha vanishi mara mbili. Mwisho akachukua utepe wa plastiki angavu akaizungushia fremu yote, bomba kwa bomba, mpaka kwenye maungio, kama bandeji. Huku karibu kila baiskeli mpya inavishwa hivyo, mtu akikuta yako iko uchi anakuuliza kama umeiba. Fundi akatuonya isiguswe na maji ya samaki mpaka rangi ishike. Nikasubiri. Rangi ikashika. Nikasema haya, kesho naenda nayo ufuoni. Okoth akasema tuipe wiki nyingine.

Wiki hiyo ikageuka mwaka, na mwaka ukapata mwenzake.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jumapili ya kwanza Okoth alipoingia nayo kanisani, wanaume waliizunguka mpaka mhubiri akalazimika kuwaita ndani. Unajua alivyorudi huku mimi nikimfuata, baada ya kazi ya reli kuisha kule Voi. Wenzake walirudi wakajenga, yeye alirudi na mke na begi. Hakuna aliyewahi kumzunguka kwa lolote. Kwa hiyo namwelewa kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu usiyemwelewa unamchukia ukamaliza.

Akanunua kengele, vioo viwili, na kifuniko cha kiti chenye nyuzi za kuning'inia. Kila Jumamosi aliiosha kwa sabuni, maji ndoo baada ya ndoo, akisugua kwenye pembe kwa mswaki, na mswaki wenyewe ni ule niliomnunulia mwanao. Ililala sebuleni, sisi tukapita kwa ubavu. Kuku akirukia keria anarushiwa kiatu. Na kila alfajiri mimi naipita pale mlangoni na karai langu kichwani, yenyewe imefunikwa shuka. Shuka gani? Ile ya maua uliyonipa nilipoolewa.

Usifikiri nilinyamaza, mdomo wangu unaujua. Nilianza kwa upole, nikaja kwa ukali, nikajaribu hata kubembeleza. Jibu lake likawa lile lile: "Hii baiskeli itanuka samaki. Mimi nitaingia nayo wapi ikinuka samaki?" Nikamwambia mbona mimi nanuka samaki na unaingia na mimi kanisani. Akasema, "Wewe unaoga."

Basi ukafika msimu ambao samaki walipungua na Oduor akazidisha maneno. Nikawa narudi na karai tupu leo, kesho na keshokutwa. Siku moja alinishika mkono mbele ya wanawake wenzangu, na hakuna aliyegeuza shingo. Sikumkubali, dada. Nakuapia kaburi la baba. Lakini sitakudanganya kwamba sikuwaza. Niliwaza njia nzima ya kurudi: unga umekwisha, mtoto atalala njaa, na yule mtu samaki anao. Ukishafika mahali pa kuwaza hivyo unajichukia kwa jambo ambalo hata hujalifanya.

Siku hiyo nilimwambia Okoth kila kitu, tena bila mafumbo. Nilimkuta uani anaisugua baiskeli. Nikasimama mbele yake nikasema, Oduor anataka nilale naye ndipo aniuzie samaki. Ananipata kwa sababu nachelewa, na nachelewa kwa sababu natembea. Nipe baiskeli. Okoth akaacha kusugua. Akaniangalia, akaangalia chini, akasema, "Oduor anapenda mchezo." Kisha akachovya kitambaa kwenye ndoo akaendelea na gurudumu la nyuma.

Neno lile nimejaribu kulisamehe, limenikataa. Afadhali angenipiga kofi, la kofi ningejua la kufanya.

Alfajiri iliyofuata niliichukua. Nikaitoa shuka, nikafunga kreti kwenye keria kwa mpira, nikapanda. Unakumbuka ulivyonifundisha kwenye njia ya mashamba ya mkonge, unashika kiti na kuniambia bado umenishika, kumbe uliniachia zamani? Mwili haukusahau. Nilifika mashua ya kwanza ikiwa bado inavutwa mchangani. Nikachagua ngege wanene, macho yao bado maangavu, nikalipa, nikafunga kreti. Oduor alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, anavuta kamba na wenzake. Aliniona. Kamba hakuweza kuiachia. Tangu nije huku sijawahi kufurahi hivyo, dada. Niliimba njiani, tena kwa Kitaita, watu wakaniamkia na kucheka.

Nikaanza kupanda mwinuko wa kwenda sokoni, na fremu ikakatika. Haikupinda, ilikatika, pale chini ambapo bomba la kiti linakutana na pedeli. Mimi huku, kreti kule, samaki topeni, goti limechanika. Nilipokiokota kile kipande, plastiki ilikuwa bado safi na inang'aa. Nikaichana kwa meno kwa hasira. Ndani yakatoka maji ya rangi ya chai, na chuma kikawa kinamomonyoka kwa kucha kama mkate mkavu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ndilo hili, mwambie shemeji. Rangi ya kuzuia kutu ina faida, mradi fundi aiondoe kwanza kutu ya zamani mpaka chuma kionekane cheupe, na shemeji amsimamie kwa macho yake. Wetu alisugua panapoonekana, kwenye maungio akapaka rangi juu ya kutu. Vanishi nayo si mbaya, inapunguza mikwaruzo. Lakini plastiki asiivishe hata kama ni ya bure. Maji yanaingia vizuri tu, kutoka ndiyo hayatoki. Kila Jumamosi Okoth alipoiosha, maji yalikwenda kukaa kwenye maungio, na Jumamosi nyingine akayaongezea. Baiskeli ambayo haikuwahi kubeba hata dagaa mmoja wa omena ikaozeshwa na kuoshwa. Kuna mama mmoja huku, baiskeli yake haina rangi hata ya dawa, inabeba samaki kila siku ya Mungu. Jioni anaifuta kwa kitambaa kikavu, anaipaka mafuta machafu ya injini, basi. Ndiye aliyepita akanibebea samaki niliowaokota topeni. Shemeji afanye kama yule mama, na pesa ya plastiki anunue tairi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna kilichofuata, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Okoth hakuuliza goti. Alivikusanya vipande vya baiskeli yake, akaenda kumwita baba yake mdogo, Mzee Ogola. Jioni tukakalishwa: Mzee Ogola, Okoth, mama mkwe na mimi, na vile vipande viwili katikati yetu. Kwa watu hawa mke hakai kwenye kiti cha mumewe, na Mzee Ogola akasema kiti cha baiskeli nacho ni kiti. Alisema taratibu, si mtu mbaya. Nimekalia kiti cha mwanamume bila ruhusa, ndiyo maana kimevunjika. Nitoe kuku, niombe radhi, mambo yaishe. Okoth akaitikia kwa kichwa. Ni nani aliyeinunua, halikuulizwa.

Nilikuwa tayari kuomba radhi, kweli. Goti lilikuwa linawaka, nilitaka kulala tu. Lakini Okoth akaongeza, "Kama alitaka samaki, si angetembea? Mama yangu alikuwa anatembea." Hapo nikashindwa. Nikasema yote mbele yao, jina la Oduor, turubai, mkono ulioshikwa, na kwamba mume wangu nilimwambia akaniambia ni mchezo. Mzee Ogola akaanza kukagua fimbo yake. Okoth akasema kwa Kijaluo kwamba naiaibisha nyumba.

Ndipo mama mkwe aliposema. Huyu mama unamjua kwa malalamiko yangu tu, kwamba hanipendi, kwamba ugali wangu kwake ni uji. Alifiwa na mume Okoth akiwa mdogo, akawalea watoto wake kwa kuuza samaki, na hakuna mazishi wala harusi hapa ambapo hasifiwi kwa hilo. Hakupandisha sauti. Alisema kwa Kijaluo, na siku hizi nasikia kila neno.

"Okoth, ni kweli mimi nilitembea."

Okoth akasema, ndiyo Mama, wote tunajua.

"Hujui. Nilitembea, na nilikuwa nafika nimechelewa. Na bado ulikula samaki kila siku. Hukujiuliza walikuwa wanatoka wapi?"

Mzee Ogola aliinuka, akasema ana ng'ombe hawajafungwa. Okoth alibaki palepale anaangalia mikono ya mama yake. Mama mkwe akaenda zake jikoni, na nilipomfuata akanipa kisu nipare samaki, kama siku nyingine yoyote. Nilitaka kumwambia kitu, Kiswahili kikanikimbia na Kijaluo nacho kikafuata. Yeye akasema tu, "Hilo goti lioshe na maji ya chumvi."

Baiskeli ilichomelewa. Okoth mwenyewe aliipeleka, akairudisha, akaiegemeza mlangoni bila kusema ni ya nani. Pale ilipochomelewa pana kovu nene jeusi. Alitaka kulipaka rangi nikamwambia aache. Plastiki yote nimeitoa, naifuta kila jioni kwa kitambaa na mafuta, na naenda nayo ufuoni kila siku. Jumapili Okoth anakwenda kanisani kwa miguu. Kuku sikutoa, na hakuna aliyenikumbusha.

Usije ukadhani dada yako amekuwa shujaa. Oduor sasa amemgeukia mjane mmoja mdogo kuliko mimi, anayekuja kwa miguu kutoka mbali. Nikiwa natoka na kreti langu namkuta ndiyo kwanza anafika, jasho linamtiririka, na Oduor anamwita aje aone samaki waliofichwa. Yule mjane ananiangalia, namwamkia, napita. Ningesimama ningemwambia nini? Baiskeli ni moja na safari zetu hazilingani. Nikifika sokoni nauza vizuri, lakini moyo hautulii.

Mama usimsomee haya. Msomee ya meno ya Akinyi na ya mvua, umwambie miwani avae, macho hayanunuliwi. Nisalimie shemeji Mwakio, na wanangu wawili walioko kwako, yule mkubwa mwambie mama yake mdogo amesikia habari za shule na amefurahi. Mjomba wetu fundi cherehani mwambie gauni lake bado linanienea, ingawa limehamia kwenye kazi ya samaki. Shangazi wa Voi mpe asante kwa kukufikishia barua, na kama ameifungua akaisoma njiani, basi naye amejua, asitangaze.

Naishia hapa kwa sababu chakula kimepakuliwa na wananiita. Mama mkwe amepika ngege niliowaleta jana, kwa nyanya na vitunguu vingi, vile Okoth alivyokuwa akiwapenda tangu utotoni. Tangu jioni ile Okoth hali samaki tena. Hajasema kwa nini, na sisi hatumuulizi. Anaisukuma sahani kando, anamaliza ugali wake na sukuma wiki. Mama yake anamwangalia. Kisha anaivuta ile sahani kwake, anakula samaki wote wa mwanawe, taratibu, mpaka kwenye mifupa, na hamwondolei macho.

Mdogo wako akupendaye,
Wakesho